Maalim, Mbona Kila Nikifika Kituoni Nagonga?

Toleo lililopita niliwatajia kwa mistari michache tu ile gemu ya kuegesha chombo cha anga, ama kama nilivyoita mwenyewe, kukitia gati, ile kampuni ya SpaceX iliyoiweka bure kwenye intaneti Mei 2020 wiki chache kabla hawajarusha watu wao wa kwanza, nkasema jaribuni. Basi tangu hapo simu yangu ni meseji juu ya meseji. Kwa ambao hawajaiona: hakuna cha kudaunlodi, unafungua brauza tu, unajikuta umekaa ndani ya chombo kinaitwa Crew Dragon, mbele yako kama mita 200 kipo Kituo cha Kimataifa cha Anga, na kazi yako ni moja, ukifikishe chombo mlangoni kiingie pale bila kugonga. Hakuna maadui, hakuna bunduki, hakuna saa ya kukukimbiza. Na bado watu wanagonga. Nimechagua barua tano.

Assalam aleikum Maalim. Mimi ni kijana wa Majengo, miaka 19, nachezea kwa saiba ya jamaa yetu. Nshajaribu zaidi ya mara 30, kila nikikaribia kituo nakipita ama nakigonga, nikibonyeza kurudi nyuma naona kama hakisikii. Kibodi ni mbovu ama ni mimi?

Waaleikum salaam mwanangu. Kibodi haina makosa. Kosa ni kwamba mikono yako imezoea dunia yenye maji na hewa na barabara, nayo pale hakuna hata kimoja.

Nenda Likoni ukasimame pale ferry inapoingia. Nahodha akipunguza injini mbali kidogo na gati, ferry yenyewe inaanza kuchoka, maji yanaishika tumbo, mwendo unakufa taratibu mpaka anabakisha kidogo tu cha kumalizia kwa injini. Maji yanamsaidia kazi nusu nzima. Sasa kule juu toa maji, toa hewa, toa kila kitu. Ukibonyeza mara moja kwenda mbele, vijiroketi vinapuliza kidogo, alafu vinanyamaza, lakini chombo kinaendelea na mwendo ule ule, hakichoki, kitakwenda hivyo hivyo kesho na keshokutwa mpaka wewe mwenyewe ukibonyeze kinyume kwa kiasi kile kile. Hili Newton aliliandika 1687 na mimi nimelifundisha darasani miaka mingi, na nakwambia kweli sijawahi kuona wanafunzi wakilielewa kwa haraka kama wanavyolielewa kwa hii gemu, kwa sababu ubaoni unaweza kuitikia ndio ndio maalim bila kuamini, pale huwezi.

Kwa hivyo nataka uwe unahesabu kama mwenye duka anavyoandika daftari la deni. Umebonyeza mara 5 kwenda kulia, una deni la mara 5 kwenda kushoto, na deni hilo halijifuti lenyewe. We unavyofanya, kwa nlivyoelewa barua yako, unabonyeza mbele mara 20 kwa sababu unaona chombo kama hakisogei, alafu ukifika karibu unashtuka unabonyeza nyuma mara 4. Bado una 16 hujalipa. Ndio maana unaona kama hakisikii, kinasikia sana, kimepungua mwendo kwa zile 4 na kimebaki na zile 16.

Sasa utaratibu. Usiguse kwenda mbele kwanza. Wacha chombo kipo pale mbali, anza na kukinyoosha. Chombo kina namna tatu za kupotoka na mtu yeyote aliyepanda jahazi anazijua hata kama hajawahi kuzihesabu. Kuna kulala ubavu huku na huku, ule mrama unaowatapisha abiria. Kuna omo, yani pua ya mbele ya chombo, kuinuka na kuinama kama mtu anayepanda wimbi. Na kuna omo kugeuka kushoto ama kulia kama nahodha amegeuza usukani. Kila moja ina namba yake ya kijani inayokwambia umepotoka digrii ngapi, na karibu yake ipo namba nyingine inayokwambia unazunguka kwa kasi gani. Hiyo ya pili ndio watu hawaitizami! Wanaona kijani inashuka vizuri, kumi, tisa, nane, wanafurahi, ikifika sifuri inapita inakwenda upande wa pili, wanaanza kufukuzana nayo. We ikibaki digrii mbili ama moja na nusu anza kulipa deni, ifike sifuri ikiwa imeshachoka. Anza na mrama, alafu kuinuka, alafu kugeuka, moja moja, usishike mbili pamoja hata kama mkono unawasha.

Na kwanini nasema hilo kwanza? Kwa sababu mbele ya chombo ni kule omo inakoelekea. Kama omo iko kombo digrii kumi, ukibonyeza mbele unakwenda kombo digrii kumi, alafu unaanza kurekebisha pembeni kosa ambalo umelitengeneza mwenyewe.

Ukishanyooka, panga nafasi yako, yani chombo kiwe sawa na mlango juu chini na kushoto kulia, ufute mwendo wote wa pembeni. Hapo sasa ndio uende mbele. Mimi nikiwa mbali nakwenda karibu mita moja kwa sekunde, nikifika kama mita 60 nakata nusu, nikifika 20 nashuka mpaka 0.2 na naiacha hapo hapo. Pia pale katikati ya vitufe kuna cha kubadilisha ukali wa msukumo, mkubwa ama mdogo, ukikaribia weka mdogo. Ili uingie salama zile namba zote za kijani za katikati lazima ziwe chini ya 0.2, na mwendo wako pia uwe chini ya mita 0.2 kwa sekunde, yani sentimita 20, mtoto anayetambaa anakupita.

Piga hesabu uone kwanini watu wanakosa subira: ukienda 0.2 tangu mwanzo, mita 200 ni sekunde 1,000, karibu dakika 17. Kwa saiba ya kulipia dakika najua inauma. Lakini jaribu siku moja tu ambayo foleni ni fupi.

Salaam ndugu mwandishi. Mimi nafanya kazi kwenye tagi hapa Kilindini. Sisi meli ikija, rubani anapanda, tunaishika na kamba, tunaisukuma polepole mpaka gatini. Kijana wangu amenionyesha hiyo gemu nikauliza sasa huko nani anashika kamba, na je hao watu wa anga kweli wanabonyeza wenyewe ama ni kompyuta?

Ndugu yangu, swali lako limenifurahisha sana maana limetoka kwa mtu wa kazi.

Kamba ipo, ila imo mlangoni. Chombo kikifika kinatanguliza pete iliyotokeza mbele, ile pete inagusa ya kituo na kushikana kilaini, hapo bado kinayumba kidogo na pete inameza ule mtikisiko. Kikishatulia pete inavutwa ndani na kulabu 12 zinakaza mpaka pasipite hewa. Yani ni vile vile mnavyofanya nyinyi, kwanza kamba nyembamba inarushwa, nene inafuata, ndio mnakaza.

Mwendo wa kugusana kweli ni mdogo, kama sentimita 10 kwa sekunde. Na hapo ndio akili inapata tabu, kwa sababu wote wawili wanakwenda kilomita 28,000 kwa saa. Kituo kiko juu yetu kilomita kama 400 na hizo 480 za Mombasa mpaka Nairobi kinazimaliza kwa dakika moja na sekunde mbili tatu. Lakini chukua matatu mbili zinazovuka daraja la Nyali sambamba, mwendo sawa, makanga wa huku anaweza kumpa wa kule chenji mkononi. Kati yao hakuna mwendo. Kilichobaki ni ule utofauti mdogo, na ndio huo unaoucheza kwenye gemu.

Kuhusu mkono ama kompyuta: siku hizi ni kompyuta. Bob Behnken na Doug Hurley, wale watu wa kwanza wa SpaceX, walirushwa 30 Mei 2020, kesho yake wakafika, na njiani Hurley alishika chombo kwa mkono kukijaribu, kwa kugusa skrini kama hivyo vitufe vya kijana wako, mpaka mita mia mbili na kitu kutoka kituoni, alafu akaiachia kompyuta ikaingia yenyewe. Warusi walianza zamani zaidi, 30 Oktoba 1967 Kosmos 186 na Kosmos 188 zilishikana bila mtu hata mmoja ndani. Lakini wa kwanza kabisa ilikuwa mkono wa mtu, Neil Armstrong, yeye na David Scott ndani ya chombo cha Wamarekani Gemini 8, 16 Machi 1966. Haikupita hata saa moja chombo kikaanza kwenda mrama, kijiroketi kimoja kilikwama kikawa kinapuliza tu, na walipojitoa kwenye kile walichoshikana nacho ndio ikazidi, karibu mzunguko mmoja kila sekunde. Armstrong akazima vile vijiroketi vyote akatumia vya akiba, vile vya kurudia duniani, akautuliza. Mwambie hilo kijana wako akianza kulalamika mrama wa digrii 15.

Mkono bado unahitajika siku kompyuta inaposhindwa. Juni 1985 kituo cha Salyut 7 kilikuwa kimekufa, hakina umeme, kimeganda kwa baridi, hakijibu redio. Vladimir Dzhanibekov na Viktor Savinykh walikifuata na Soyuz T-13 na Dzhanibekov akakiingia kwa jicho na mkono, na kifaa cha leza cha kupimia umbali. Mimi naona hiyo ndio kazi kubwa kuliko zote za aina hii, na ajabu watu wengi huku kwetu hawajawahi kuisikia.

Alafu kuna siku ilipokwenda vibaya na hii nataka nikae nayo kidogo. 25 Juni 1997, kituo cha Mir. Vasily Tsibliyev aliambiwa aingize chombo cha mizigo, Progress, kwa mkono kutoka ndani ya kituo, yani amekaa Mir anatizama tivii, kamera iko kwenye Progress inakuja. Chombo cha tani kama saba. Mitambo ya kawaida ya kupima umbali na mwendo ilikuwa imezimwa. Na kwenye tivii nyuma ya Mir ilikuwa Dunia na mawingu yake yanapita, kituo kimepotea ndani ya mawingu, hajui kinakuja kwa kasi gani. Wenzake, Aleksandr Lazutkin na Mmarekani Michael Foale, wanakitafuta madirishani kwa macho hawakioni, walipokiona kimeshafika. Kikagonga paneli ya jua na chumba kinaitwa Spektr, hewa ikaanza kutoka. Mlango wa Spektr haukuweza kufungwa kwa sababu nyaya zilikuwa zimepita pale katikati, ikabidi wazichomoe na kuzikata haraka haraka ndio wafunge. Wote watatu walipona. We mtu wa tagi utaelewa kuliko mimi: alinyimwa umbali na mwendo, akabakishiwa picha tu. Hata rubani hodari wa Kilindini ukimfunga macho ukampa picha ya meli kwenye tivii na maji yanacheza nyuma yake, atagonga gati.

Shikamoo Maalim. Niko kidato cha tatu, naishi Tudor. Mwalimu wetu alisema ukiwa kwenye obiti ukisukuma kwenda mbele unabaki nyuma. Lakini kwenye gemu nikisukuma mbele naenda mbele. Nani muongo?

Marahaba mwanangu. Hakuna muongo.

Kule kwenye obiti, yani njia ya chombo kuizunguka Dunia, kila kimo kina mwendo wake. Aliye chini anazunguka haraka, aliye juu anazunguka taratibu. Kituo kwa kilomita 400 kinamaliza mzunguko kwa kama dakika 90, Mwezi kwa kilomita 384,000 unachukua siku 27. Sasa we uko nyuma ya mwenzio kwenye obiti ile ile, mbali, unataka kumfikia, unasukuma kumwelekea. Ule msukumo unakupandisha juu. Ukipanda juu njia yako inakuwa ndefu na mwendo wako unapungua, yeye anakuacha. Ukitaka kumfikia inabidi usukume kinyume, ushuke chini kidogo, huko chini unazunguka haraka unamkuta, alafu ndio upande.

Hili halikujulikana mkononi mpaka mtu alipolifanya. Juni 1965 James McDivitt ndani ya Gemini 4 alijaribu kukisogelea kipande cha roketi kilichowapeleka, alikuwa anakiona kabisa, anaelekeza omo kwake anasukuma, nacho kinazidi kwenda mbali, mpaka wakaambiwa waache maana mafuta yanakwisha. Kwenye karatasi lilikuwa linajulikana, Buzz Aldrin alishaandika tasnifu yake ya udaktari chuo cha MIT 1963 kuhusu mambo haya haya ya vyombo kukutana kwenye obiti. Karatasi na mkono ni vitu viwili.

Gemu imekuachia hilo. Ndani yake chombo kinakwenda mstari ulionyooka na kwa mita 200 za mwisho si kosa kubwa, maana uko karibu mno na mwendo ni mdogo, ile athari haipati nafasi ya kukuvuta sana. Mwambie mwalimu wako yuko sawa, na umwombe awafanyie hesabu ya obiti mbili ubaoni, ya kilomita 400 na ya 420, mutoe nani anazunguka haraka na kwa sekunde ngapi.

Maalim, mimi ni mama wa Kisauni. Mwanangu amekaa na simu tangu alasiri eti anaegesha roketi. Bando inakwisha na mtihani uko karibu. Niseme nini?

Dada yangu, bando kwanza. Mzigo mkubwa wa data ni pale mwanzo inapofunguka, ikishafunguka hainywi sana, kwa hivyo mwambie asiwe anafunga na kufungua kila mara. Simu aigeuze ulalo, skrini ndogo vidole vinakosa vitufe, kwa kompyuta ni bora zaidi.

Mtihani sasa. Usimkataze kabisa, nakuomba. Mwambie kabla ya kucheza akwambie kwa mdomo ni kwanini chombo hakisimami chenyewe. Akikueleza ukaelewa wewe, amesoma somo zima la mwendo hapo hapo. Akishindwa, simu iwekwe kabatini na daftari la fizikia litoke, akishajua arudishiwe. Nusu saa inatosha kwa siku, ukizidisha mkono unachoka na anaanza kubonyeza ovyo.

Naam Maalim, nimesikia Kenya nayo ilipeleka satelaiti kwenye hicho kituo. Ilitia gati vipi? Na hilo "kutia gati" ni Kiswahili sahihi kwa mambo ya anga ama umetunga? Mzee wa Mji wa Kale.

Mzee wangu, shikamoo. Ni kweli. 1KUNS-PF, ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ndogo kama mfuko wa unga, ilipanda Aprili 2018 pamoja na mizigo mingine ndani ya Dragon ya zamani, na ikaachiwa angani kutoka kituoni 11 Mei 2018. Lakini ile Dragon ya zamani haikuwa inaingia yenyewe kama hii ya kwenye gemu. Ilikuwa inasogea mpaka mita kama kumi, inasimama pale inangoja, alafu mkono mkubwa wa kituo, Canadarm2, unaidaka na kuiweka mlangoni. Hiyo ndio ile tagi ya yule ndugu wa Kilindini kabisa.

Ukanda wetu nao una historia yake, ile mitambo ya San Marco baharini karibu na Malindi ndio iliyorusha satelaiti ya Uhuru 12 Desemba 1970, siku Kenya inatimiza miaka 7 ya uhuru, na ilikuwa satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa makusudi kwa kazi ya kutizama miale ya eksirei angani.

Ama neno, sikutunga. Chombo chenyewe tunakiita chombo, na chombo kwa watu wa pwani ni jahazi kabla hakijawa kitu chengine. Rubani tunamwita wa ndege, naye alikuwa mtu wa bahari anayejua miamba ilipo na kuiongoza meli mlangoni. Watu wa bara wamezoea kusema kuegesha, kama gari, sawa, mimi pia nimelitumia hapo juu kwa sababu limeshazoeleka, lakini gari ukiliegesha linasimama mahali penye ardhi. Hiki kinashikana na kitu ambacho nacho kinakwenda. Nilifikiria pia kushikamana na kuunga, naona kuunga kunafaa pale kulabu zinapokaza, na kutia gati kunafaa safari nzima ya mita 200. Kama wewe mzee una neno la manahodha wa zamani la chombo kimoja kujiweka ubavuni mwa chengine bahari ikiwa inakwenda, kwa mfano kuhamisha shehena, niandikie, nalitaka sana hilo.